Mnamuita mchawi, kumbe mwenzenu halali

Wadau, kuna mrembo mmoja wa Sumbawanga anapiga masta ya baiokemia pale Mlimani. Wenzake wanamtania eti wasimuudhi, atawatumia radi. Anacheka tu. Kwanza wenyeji wanasema jina lenyewe maana yake ni "tupa uchawi", sasa sijui mchawi nani hapo!

Kinachomnyima usingizi ni mahindi. Anapima sumukuvu, ile sumu ya fangasi iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Inakula ini, na hata upike vipi haiishi. Ada yake inatoka kwenye magunia ya mama yake huko Ufipa. Juzi akapima ya mama. Imo.

Jioni mama akapiga: "Mwanangu, mnunuzi kaja, niuze?"

Alikaa kimya mpaka salio la mama likakata.