Nguvu Imepotelea Wapi?

Mimi ni mzaliwa wa Matiliku, karibu na vilima vya Nzaui, ambako mto hupitisha maji majuma machache ya mvua, na mwaka uliobaki huwa njia ya mchanga. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha yangu nimelishwa na mashine za boti. Watu wa nyumbani hadi leo huniuliza Mkamba alifuata nini baharini. Nilifuata kazi, na kazi niliyoijua ilikuwa injini.

Ufundi niliuanzia kwenye kisiagi cha sokoni, kilichozungushwa na injini ya dizeli aina ya Lister. Mzee aliyenifunza hakuniruhusu kushika spana kabla sijamweleza injini inasema nini. Ikikohoa, ikitoa moshi mweusi, ikipoteza kasi mahindi yakimiminwa, nilitakiwa nitaje sababu kwanza. Baadaye nikapanda basi pale Emali nikashuka hadi Mombasa. Huko, katika karakana iliyo karibu na maji, nikajifunza injini za tu-stroki, ambazo oili yake huchanganywa na petroli: oili lita 1 kwa petroli lita 50, yaani mililita 400 kwa mtungi wa lita 20. Kutoka Mombasa nikaingia Lamu, na huko ndiko nilikokaa.

Katika mji wa kale wa Lamu boti ndiyo matatu, ndiyo lori, ndiyo ambulensi. Abiria wa Pate hupitia Mkanda, ule mfereji wenye mikoko kati ya Manda na bara, na maji yakishatoka hapo hapapitiki. Nahodha anayechelewa huwapoteza abiria pamoja na maji ya kupitia. Kwa hiyo ombi lililofika mezani kwangu mara nyingi kuliko yote lilikuwa moja tu: fundi, iongeze nguvu.

Nakumbuka vizuri nahodha mmoja mtu mzima, mwenye mashua ya mbao na Yamaha Enduro kuukuu ya nguvu za farasi 40.

"Mkamba, nataka hii arubaini ivute kama sitini," akaniambia.

"Ami, kwanza tujue hii arubaini imebaki ngapi."

Nikapima kompresheni. Silinda mbili za mashine moja zikipishana zaidi ya asilimia 10, usihangaike na kabureta, fungua. Zake zilipishana sana. Ndani, pistoni ya chini ilikuwa na michirizi ubavuni na ringi zimeganda. Masizi yalikuwa yameziba sehemu ya tundu la moshi, na njia za maji ya kupozea zimejaa chumvi. Sili za krenki nazo zilikuwa zimechoka. Katika tu-stroki hilo si jambo dogo, maana mchanganyiko wa petroli na hewa hushindiliwa kwanza chini, kwenye chumba cha krenki, kabla ya kupanda juu. Sili ikivuja, nguvu imetoroka hata kabla plagi haijawasha.

Bloku ikapelekwa Mombasa kubolewa, yaani silinda kupanuliwa, ili ipokee pistoni za oversaizi, nusu milimita zaidi. Wengi hudhani hapo ndipo nguvu huongezeka. Piga hesabu: silinda ya mashine ile ni milimita 80 kwa upana na pistoni hutembea milimita 70, silinda mbili zinatoa cc 703. Ukipanua hadi milimita 80.5 unapata cc 712. Faida ya cc 9 abiria hataihisi. Kuboa hurudisha uduara wa silinda, na uduara ndio unaoshika kompresheni.

Mifereji ya ringi niliisafisha kwa kipande cha ringi kuukuu iliyovunjika, kwa sababu ndicho kinachoingia sawasawa bila kuipanua. Nikabadilisha sili, impela ya maji na ridi, vile vibati vyembamba vinavyouruhusu mchanganyiko kuingia na kuuzuia usirudi. Wakati huo mashua ikapandishwa pwani, ikachomwa chini na kupakwa deheni.

Tulipoijaribu ikiwa na mzigo kamili, mashine bado haikufika mizunguko 4,500 kwa dakika, na kiwandani imepangiwa kati ya 4,500 na 5,500. Propela ilikuwa na piti kubwa kupita kiasi, yaani umbali inaotaka kusonga kwa mzunguko mmoja, ya boti nyepesi. Kila inchi moja ya piti hubadilisha kama mizunguko 200. Tukaweka ndogo, mashine ikapumua, mashua ikainua kichwa. Nahodha akasema hii sasa ni sitini. Sikumbishia.

Kuna mashine ambazo kweli nguvu imefichwa ndani yake. Johnson na Evinrude za farasi 9.9 na za 15, kuanzia miaka ya 1970, zilitumia bloku yenye ukubwa uleule, na tofauti kubwa ilikuwa kabureta. Ile 9.9 ilikusudiwa maziwa ya ng'ambo yaliyopiga marufuku mashine za kufikia farasi 10. Mtu akiniletea hiyo, nilibadilisha kabureta kwa moyo mkunjufu. Lakini aliyetaka nikwangue silinda hedi ili kompresheni ipande, nilimuuliza petroli anainunua wapi. Kompresheni kubwa na petroli iliyotiwa mafuta ya taa huitoboa pistoni katikati, na hutoboka ukiwa mbali na nchi kavu.

Sasa nimerudi Matiliku, natengeneza pampu za wakulima na pikipiki. Juzi mkulima mmoja aliniomba injini kubwa zaidi kwa sababu pampu yake haileti maji. Nilikwenda shambani nikakuta ameiweka juu ukingoni, na kisima alichochimba kwenye mchanga wa mto kiko chini mno. Pampu inayovuta maji ikiwa juu yake haivuti kutoka kina cha zaidi ya mita 7 hivi, hata uifungie injini ya meli. Tuliishusha hadi karibu na maji, tukabadilisha mpira wa kuvutia uliokuwa ukiingiza hewa, na shamba likapata maji kwa injini ileile.

Vijana ninaowafunza huona huko ni kukataa pesa. Nawaambia mteja akiomba nguvu, gharama ya kwanza ya kumwandikia ni ya kupima. Ya kuongeza waiandike baadaye, kama bado itahitajika.