Walipokubaliana Kuachana

Walitujia jioni moja, wote wawili pamoja, pasipo ugomvi. Miaka tisa kabla ya hapo tulikuwa tumesimama kando yao mbele ya altare, tukiwa wasimamizi wa ndoa yao. Sasa mume alishika bahasha ya wakili, akasema: “Baba, Mama, tumekwisha kuelewana. Watoto watakaa na mama yao, nyumba itabaki kwao, nami nitatoa pesa za chakula na masomo. Hakuna anayemshitaki mwenziwe. Imebaki mahakama tu.”

Vijana wapendwa, tunawasimulia habari hii, kwa ruhusa yao na bila kuwataja, kwa sababu swali lake hurudi mara nyingi katika mikutano yenu: wawili wakikubaliana, na wakili akiandika kila kitu vizuri, kuna ubaya gani?

Tuanze na sheria ya nchi yetu. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haisemi kwamba mapatano ya mume na mke yanatosha kuvunja ndoa. Hakimu hana budi kusadiki, kutokana na mambo yaliyotokea, kwamba maisha ya pamoja hayawezekani tena na kwamba nyumba haiokoleki. Kabla ya kufika hapo, huwaita na kujaribu kuwapatanisha. Basi hata Serikali haiihesabu ndoa kuwa kama mkataba wa kupanga nyumba.

Wakili naye tusimdharau. Huandika wazi nani atawalea watoto, nani atawalipia masomo, na mali iliyochumwa pamoja itagawanywaje. Tumewaona wanawake walioachwa kwa neno la mdomo tu, wakatoka na nguo zao mkononi. Katekisimu ya Kanisa, namba 2383, hukiri kwamba talaka ya kiserikali yaweza kuvumiliwa iwapo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi. Kwa sababu hiyo, kumwendea wakili si dhambi kwa chenyewe.

Lakini hati ya mahakama haifungui kifungo cha Sakramenti. Kanuni ya 1141 ya Sheria ya Kanisa inafundisha kwamba ndoa halali ya wabatizwa, iliyokamilishwa, haivunjwi na uwezo wowote wa kibinadamu, ila kifo tu. Aliyeachika na anayeishi peke yake kwa uaminifu hafukuzwi mezani pa Bwana kwa ajili ya hati ile. Ugumu huanza pale anapofunga ndoa nyingine. Na mwenye sababu za kudhani kwamba ndoa yake haikuwa halali tangu mwanzo anaweza kuiendea mahakama ya Kanisa. Tangu tarehe 8 Desemba 2015, kwa agizo la Papa Fransisko, Askofu mwenyewe aweza kuamua kwa njia fupi, ikiwa wote wawili wanaomba, au mmoja anaomba na mwenziwe anakubali, na ushahidi uko wazi. Hata hapo, makubaliano yao hayavunji kitu. Yanasaidia tu ukweli kujulikana upesi.

Hayo yote tuliwaeleza kwa utaratibu, nao wakasikiliza kwa heshima. Kisha mke akasema kwa sauti ya chini: “Mama, mwaka wa tatu wa ndoa nilikuja hapa. Mliniambia nivumilie.”

Tulinyamaza. Tulikumbuka. Mume alikuwa ameanza kazi ya zamu za usiku mgodini; mshahara ulikuwa mkubwa kuliko zamani, lakini nyumbani haukuonekana, wala yeye hakuonekana. Tulimwambia mke kwamba ndoa ndivyo ilivyo, tukasali naye, tukamsindikiza hadi barabarani. Mume hatukumwita. Sisi tuliosomea ualimu, tuliofunzwa kuuliza maswali, hatukuuliza hata moja.

Sote tunakijua kisa cha Kasulo, hapa Kolwezi, ambako tangu mwaka 2014 watu walichimba madini chini ya sakafu za nyumba zao wenyewe. Ukitazama toka nje, nyumba imesimama. Siku ukuta unapopasuka, shimo limekwisha kuwa refu. Wakili na hakimu huitwa siku ya ukuta. Siku za shimo ni zetu sisi wazazi, wasimamizi, marafiki na jumuiya.

Wale wawili walikwenda mahakamani, na hukumu ikatolewa. Kila mmoja anaishi peke yake, na Jumapili baba huwapeleka watoto Misa. Mapatano yao yanaheshimiwa, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Ninyi mnaojiandaa kwa ndoa, chagueni wasimamizi watakaothubutu kuwauliza, si wale wa kupendeza katika picha. Na rafiki akija kuwafungulia moyo, msitangulize neno “vumilia” kabla ya kusikiliza hadi mwisho. Sisi tumeanza kupita kila mwezi kwa wanandoa tuliowasimamia, na kumsikiliza kila mmoja peke yake. Kwa hawa wawili tulichelewa miaka sita.