Nyumba ya Danieli



Leo fungua Danieli sura ya 1. Vijana wanne wanatolewa kwao na kupelekwa Babeli kusoma miaka 3. Lugha mpya, chakula kipya, hata majina wanabadilishiwa. Hanania anaitwa Shadraka, Mishaeli anaitwa Meshaki, Azaria anaitwa Abednego.

Nimeisoma sura hii tena baada ya kuongea na kijana Mwogiek kutoka Mau, aliyeingia chuo kikuu mwaka wa kwanza. Karo ya muhula alikuwa nayo, harambee ilifanyika. Kilichomlemea ni wikendi. Ijumaa wenzake wa chumbani wanaenda nyumbani, yeye hana nauli. Kwao hakuna aliyewahi kufika chuo, wa kumwuliza masomo yanasajiliwaje au fomu ya mkopo inajazwaje. Tena wako wanaomwita "Dorobo," wakidhani ni utani. Jina hilo Waogiek hawakujipa. Waliitwa hivyo na majirani, kwa maana ya maskini asiye na ng'ombe.

Wapendwa, Waogiek si wageni kwetu. Lugha yao ni ndugu ya Kipsigis. Msitu wa Mau, walikorina asali tangu babu zao, ndio unaotuletea mvua ya majani chai hapa Litein. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba serikali yetu ilivunja haki zao kwa kuwafukuza msituni. Hata hivyo, Novemba 2023 familia za Sasimwani, Narok, ziliondolewa tena. Kuna mwanafunzi anayefanya mtihani bila kujua chuo kikifungwa atarudi nyumba gani.

Sasa soma Danieli 2:17. Amri ya kuua wenye hekima imetoka. Danieli anaenda nyumbani kwake na kuwaeleza wenzake, ili waombe pamoja. Biblia inawataja hapo kwa majina gani? Hanania, Mishaeli na Azaria! Kwa mfalme walikuwa na majina ya Babeli. Nyumbani kwa Danieli, majina ya kwao yalibaki.

Kanisa liwe nyumba hiyo. Usingoje bonasi ya Oktoba, kwa sababu wanafunzi wanaripoti kabla yake. Wewe unayeishi karibu na chuo cha Kabianga, au Njoro karibu na Egerton, chukua kijana mmoja. Mpigie simu Ijumaa. Mwalike kwa kimyet na mursik. Mwulize jina lake la nyumbani, ulitamke vizuri. Na kama mtoto wako amemaliza chuo, mwambie ampe namba yake, awe wa kuulizwa.

Tuombe: Baba, wakumbuke watoto walio mbali na kwao. Wape Danieli wa kuwafungulia mlango, na uanze na mimi. Katika jina la Yesu.

Kama utachukua kijana mmoja, andika AMINA, kisha nitafute baada ya ibada Jumapili.