Mashine Ikikataa Kuwaka

Baba yangu mdogo ana boti moja na mashine moja ya Yamaha, ya mipigo miwili, ambayo inanizidi umri. Aliinunua ikiwa imeshatumika. Kwa mashine hiyo watu sita wanavua dagaa usiku katika Ziwa Tanganyika, upande wa Rumonge, hapa Burundi. Ada yangu ya chuo pia inatoka humo humo. Kwa hiyo mashine ikikataa kuwaka, habari hiyo inanihusu hata nikiwa darasani Bujumbura.

Mashine ya zamani ikigoma, wengi hukimbilia kuvuta kamba. Huvuta mpaka bega linauma, na petroli inazidi kuingia ndani mpaka mashine inalewa. Baba mdogo ana sheria yake: ikivutwa mara tano bila kuwaka, kamba iachwe, watu watumie macho. Kwanza yatazamwe yale yasiyo na gharama. Je, gia iko katikati? Kile kibanio cha kuzimia kipo mahali pake? Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limefunguliwa? Hilo la mwisho hudanganya sana, kwa sababu likiwa limefungwa mashine huweza kuwaka vizuri, ikaenda dakika chache, kisha ikafa katikati ya maji. Baadaye unaminya ule mpira wa kusukuma mafuta hadi uwe mgumu. Usipokuwa mgumu, ama tangi ni tupu, ama kuna mahali bomba linavuta hewa.

Kwetu shida kubwa ni petroli yenyewe. Miaka hii imekuwa adimu, na mtu anayenunua kwenye bidoni za kando ya barabara hajui amenunua nini. Maji ni rahisi kuyagundua: mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie, maji yatakaa chini na mstari utauona. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo. Baba mdogo huchovya kidole kabla ya kuchanganya oili. Petroli hukauka haraka na kuacha ubaridi, mafuta ya taa huacha utelezi. Oili tunatia lita moja kwa lita 50 za petroli. Wapo wanaopunguza ili kuokoa pesa. Hao wanaila mashine yao polepole.

Likizo iliyopita nilikwenda nao ziwani. Usiku wa manane upepo ulianza, tukataka kurudi, mashine ikakataa. Ndani ya boti kulikuwa na vijana wa Rumonge, mmoja wa Uvira na mmoja wa Kigoma, na lugha ya kazi ni Kiswahili, lakini si Kiswahili kimoja. Yule wa Kigoma aliomba plagi, yule wa Uvira akampa waya wa taa. Sisi tunaiita buji. (Mwalimu wangu angefurahi kusikia mjadala ule, ila si kwa mawimbi yale.) Mimi nilishika tochi. Buji ilipofunguliwa ilikuwa na unyevu, lakini haikunuka petroli. Ikafutwa, ikarudishwa kwenye kofia yake, chuma chake kikagusishwa kwenye mwili wa mashine, mbali na mafuta, ikashikwa kwa koleo yenye mpini wa mpira. Kamba ikavutwa na cheche ya bluu ikaonekana wazi. Angalau kwa hilo giza lilitusaidia. Moto upo, kwa hiyo kosa liko kwenye mafuta. Baba mdogo akalegeza skrubu ndogo chini ya kabureta. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji. Akaacha yamwagike mpaka ikaja petroli, akafunga, akaminya mpira. Mara ya tatu ikawaka. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipoona taa za nchi kavu.

Sasa ugonjwa ni mwingine. Petroli ni safi, cheche ipo, lakini kamba ni nyepesi mno, inavutika kana kwamba ndani hakuna kitu. Mashine nzima hushindana na mkono. Hii haishindani tena. Fundi anasema ringi za pistoni zimekwisha, na bei aliyotaja inakaribia ada yangu ya muhula.

Jumamosi baba mdogo alinipigia simu. Alikuwa ametia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la buji na kuvuta taratibu, kamba ikawa nzito kwa muda, na mashine ikawaka kwa moshi mwingi. Maana yake ni kwamba fundi hakudanganya: oili ilikuwa imeziba pale ringi zinapovuja.

“Ni ringi, mwanangu,” akasema. Kisha akaniuliza ada inalipwa lini.