Hamira na Mikono Mitupu

Kila nikimsikia mtu akijisifu kwamba alianza maisha na mikono mitupu, namkumbuka Louis Pasteur. Mwaka 1860 alitangaza kuwa hamira huweza kukua kwenye maji yenye sukari, chumvi ya amonia na majivu tu. Justus von Liebig, mkemia mashuhuri wa Ujerumani, akabisha: yeye alijaribu, haikukua. Wakazozana kwa miaka, kila mmoja akiwa na hakika na alichokiona.

Jibu lilitoka Leuven, Ubelgiji, mwaka 1901. Eugène Wildiers alionyesha kwamba siri ilikuwa kwenye kiasi cha mbegu. Ukitia hamira ya kutosha, inakua. Ukitia chembe chache mno, zinadumaa. Mbegu nyingi huingia na akiba yao, na zinazokufa huwaachia wenzao zilichokuwa nacho. Akiba hiyo Wildiers aliiita bios, na baadaye ikabainika kuwa ni vitu kadhaa, kimojawapo biotini. Fritz Kögl na Benno Tönnis walipoitenga mwaka 1936, kilo 250 za viini vya mayai vilivyokaushwa ziliwapa zaidi kidogo ya miligramu moja.

Kwenye lita moja ya chakula cha hamira tunachochanganya maabara, sukari ni gramu 20 na biotini ni mikrogramu 2, yaani sehemu moja kwa milioni kumi. Hiyo ndiyo mikono mitupu yenyewe. Baba yangu mdogo husimulia alivyoingia Dar es Salaam bila senti. Ni kweli, hakuwa na senti. Ila ukimuuliza alilala wapi usiku wa kwanza, anamtaja shangazi wa Temeke, halafu mume wa shangazi aliyemtafutia kibarua bandarini, halafu anaendelea na stori yake kana kwamba hao walikuwa majivu.

Hamira za maabara hazina unafiki huo. BY4741, inayotumika sana duniani, ukoo wake unarudi hadi kwenye tini lililooza huko Merced, California, mwaka 1938. Watafiti waliiondolea jeni makusudi, na upungufu wake umeandikwa kwenye kibandiko: his3, leu2, met15, ura3. Maana yake usiponipa histidini, lusini, methionini na yurasili, siendi popote. Nyingine, zenye kasoro ya ade2, hazihitaji hata kibandiko. Adenini ikipungua, chembe hujaribu kuitengeneza, kazi inakwama njiani, na mabaki yanarundikana ndani hadi sahani nzima inakuwa ya waridi. Wageni huuliza tumetia rangi gani.

Na upungufu wa namna hiyo ndio tunaoutumia kazini. Nikitaka kuingiza jeni mpya kwenye hamira isiyo na URA3, jeni ya kutengeneza yurasili, naifunga jeni hiyo mpya pamoja na URA3 nzima, kisha naimwaga hamira kwenye sahani isiyo na yurasili na kuiweka kwenye nyuzi 30. Baada ya siku mbili hivi, vidoa vyeupe vinavyoota ni vya zile zilizopokea. Hamira isiyokosa kitu haitufai hapo. Ingeota yote, iliyopokea na isiyopokea, na tusingejua tuchukue ipi.