Saa Nane ya Jumapili

Jumapili ikifika saa nane mchana, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea hadi alfajiri ya Jumatatu. Ilikuwa amri ya serikali ya kubana matumizi ya mafuta, na mwenye safari ya lazima alitakiwa awe na kibali. Mtaani kwetu Ilala hatukuhitaji saa kujua muda umewadia. Ngurumo za magari zilikatika, ukasikia kopo linagongwa kwenye lami, na watoto wakamiminika kutoka kila ua.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 31, karani wa hesabu katika shirika moja la umma na mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, khanga, vyote vilikuwa vya foleni. Foleni yenyewe ilianza usiku: mtu aliacha jiwe mahali pake akarudi kulala, na majirani waliliheshimu lile jiwe kana kwamba ni yeye amesimama pale. Mke wangu alifulia majani ya mpapai. Nami nilikuwa nakula cha jioni huku nikihesabu cha kesho kutwa. Kila usiku niliongoza Sala ya Bwana mbele ya wanangu, na pale tunapoomba riziki ya leo, moyo wangu ulikuwa umeshafika mwisho wa mwezi.

Mapema mwaka ule ndugu yangu mmoja aliyefanya kazi dukani alinipatia kilo 20 za sukari, usiku, kwa mlango wa nyuma. Niliifungia katika sanduku la bati chini ya kitanda. Jirani zetu walikuwa wanakunywa uji wa chumvi. Nililijua hilo, na sanduku sikulifungua.

Mwishoni mwa Machi ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Maduka, maghala na nyumba zikapekuliwa. Tulisikia habari za bidhaa zinazotupwa baharini na vichakani na watu walioogopa kukutwa nazo. Sanduku langu lilikuwa dogo mno mbele ya yale yaliyokuwa yakitafutwa, lakini hofu haina mizani. Nilikuwa nalala juu ya sukari na usingizi hauji. Usiku mmoja nilikaribia kuimwaga yote chooni, na ninaungama hapa kwamba kuimwaga kulinijia akilini kabla ya kuigawa.

Wiki moja baadaye jumuiya ikasali kwetu. Tulikuwa watu kumi hivi, tumebanana sebuleni kuizunguka taa ya kibatari. Mwishoni kiongozi akamwambia binti yangu, aliyekuwa na miaka 6, atoe sala ya shukrani. Akafumba macho. Akamshukuru Mungu kwa sababu bibi amepona mguu. Akashukuru kwa paka aliyezaa. Kisha, kwa sauti ileile, akamshukuru kwa sukari ya baba iliyoko chini ya kitanda, maana ni nyingi na ni tamu.

Hakuna aliyeitikia. Mke wangu aliinamisha kichwa. Mimi niliuona mlango wa gereza.

Bibi wa nyumba ya pili, mjane aliyetuzidi wote umri, ndiye aliyesema, "Amina." Akanigeukia. "Haya, baba, mtoto keshashukuru. Ilete basi nasi tushukuru."

Nikaivuta. Sisimizi walikuwa wameshaingia kwa kona moja iliyokatika bati. Jumapili chache kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kanisani kusoma Kutoka 16, habari ya mana iliyooza na kuota mabuu kwa sababu watu waliilimbikiza hadi kesho yake, nikasoma kwa sauti nzuri na kurudi kuketi. Tuliigawa sukari kwa kikombe, nyumba kwa nyumba, mpaka sanduku likabaki na chengachenga. Hakuna aliyenishtaki.

Nimetafakari sana tangu usiku ule. Wahubiri wetu wakifika Mathayo 18, pale Bwana anapomweka mtoto katikati ya wanafunzi, mara nyingi hutuhimiza utii. Binti yangu hakuwa mtiifu kiasi hicho. Alikuwa mkaidi kama mbuzi. Alichokuwa nacho ni moyo usio na chumba cha siri. Alichokiona alikitaja, na kilichompendeza alimrudishia Mungu papo hapo. Nasikia watu wakiuita moyo wa namna hiyo ujinga. Paulo aliwaandikia Wakorintho wawe wachanga katika uovu, lakini katika akili wawe watu wazima, na mimi nilikuwa nimevigeuza vyote viwili.

Jumapili iliyofuata, saa nane, nilikuwa barazani bila daftari la hesabu, jambo ambalo halikuwa desturi yangu. Binti yangu akaja akanishika mkono. Walikuwa wanacheza kombolela na walipungukiwa mtu. Nikavua viatu, nikaingia barabarani na suruali yangu ya kanisani.

Nilikamatwa wa kwanza. Kwa sheria ya mtaa wetu, aliyekamatwa husimama kando ya kopo mpaka mwenzake aliyejificha atoke mbio alipige, apige ukelele wa kombolela, na wote wawe huru. Basi nikasimama pale, sina la kufanya ila kungoja. Lami ilikuwa na joto chini ya nyayo. Mtu alikuwa anakaanga dagaa. Mtoto wa jirani alikuwa amelala kifudifudi chini ya mkokoteni, akiziba mdomo asicheke, nami nilimwona nisimtaje. Tangu uhaba ule uanze, sikukumbuka lini niliwahi kukaa mahali pamoja, mwili na moyo. Kisha nikasikia miguu midogo ikija nyuma yangu, na kopo likaruka.

Katika ukelele ule nilisikia neno kukomboa. Nilikuwa nalitamka kanisani tangu kipaimara.

Foleni hazikuisha. Sokoine alifariki katika ajali ya gari Aprili 1984, na bidhaa zilianza kurudi madukani baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji mwaka huohuo. Nami niliendelea kuacha jiwe langu usiku kama wengine. Tofauti ni kwamba nikipata kilo mbili, moja ilikwenda kwa yule mjane kabla haijafika kwangu, kwa sababu najijua: ikilala usiku mmoja chini ya kitanda, imekwisha kuwa yangu.

Leo nina miaka 74. Ile amri ilifutwa zamani na barabara yetu hainyamazi hata Jumapili. Binti yangu ana miaka 49 na watoto watatu. Mwaka jana nilimuuliza kama anaikumbuka sala ile. Alisema hakumbuki sukari yoyote. Anakumbuka kwamba Jumapili moja baba yake alikamatwa wa kwanza, na yeye ndiye aliyelipiga kopo.