Mathe, Viboko na Mlango wa Wafanyakazi

Wacha nianze kwa kukiri kitu. Miaka miwili sasa nimekuwa nikiwaambia hapa, "Tembeeni Kenya, acheni visingizio." Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umealikwa, umelipiwa, na gari limekuja kukuchukua hadi kwa mlango. Mwezi wa sita nikajaribu kwa pesa zangu mwenyewe, mathe akiwa kando yangu. Leo nataka kuyarekebisha hayo maneno.

Mathe alifua shuka za hoteli moja hapa Nairobi kwa miaka 19. Kufua, kupiga pasi, kukunja. Hakuwahi kulalia hata moja. Alipoacha kazi nikajiambia, huyu mama lazima alale kwa loji kama mgeni, hata kama ni siku mbili tu. Nikaweka akiba miezi minane. Tulienda kabla nyumbu hawajaanza kuvuka na bei kupaa, na bei ya Wakenya ilikuwa shilingi 32,000 kwa usiku mmoja, sisi wawili, chakula kikiwa ndani. Gari la kutubeba kutoka Nairobi na kuturudisha lilikuwa pesa nyingine kama hizo. Nikasema zii, tunapanda matatu.

Basi ikawa Nairobi hadi Narok, Narok hadi Talek, halafu bodaboda. Mishikaki. Dereva mbele, mathe katikati na mkoba wake wa kanisa, mimi nyuma na mabegi. Tulifika kwa loji ya kifahari tukiwa rangi moja na barabara.

Mlinzi akatuangalia, akaangalia boda. "Mama, kama ni kibarua, rudini Jumatatu. Na mlango wa wafanyakazi ni ule wa nyuma."

Maneno yake hayakuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mathe alijibu, "Haya, asante baba," akageuka na kuanza kutembea. Mimi nikiwa na risiti kwa simu! Miaka 19 ya kuingilia mlango wa nyuma ilikuwa imemfundisha vizuri hivyo.

Nikawaka. Nikatoa simu nianze kurekodi, si mnanijua. Kichwa cha video kilikuwa tayari akilini. Mathe akanishika mkono. "Weka hiyo kitu chini. Huyu pia ni mtoto wa mtu, na ana watoto." Nikaiweka. Meneja akaja mbio, pole zikawa nyingi, juisi ikaletwa na vitambaa vya baridi vya kufuta uso. Mathe akafuta uso, halafu akakikunja kile kitambaa mara nne, sawasawa, kona kwa kona.

Hema letu lilitazama Mto Talek. Na nikisema hema msiwaze kambi ya shule. Kulikuwa na kitanda kikubwa kuliko jikoni yetu, maji moto, na baraza ya mbao juu ya ukingo. Chini yetu viboko walikuwa wamejazana majini kama mawe. Mchana hawatoki sana kwa sababu jua linaumiza ngozi yao. Usiku ndio hupanda kingo kwenda kula nyasi, na ndiyo maana giza likiingia huruhusiwi kutembea bila mlinzi.

Mlinzi aliyekuja kututoa kwa chakula cha jioni alikuwa nani? Yule yule. Tulitembea kimya nyuma ya tochi yake mpaka mathe akamuuliza ana watoto wangapi. Watatu. Wa kwanza ako darasa la saba. Halafu akasimama. "Mama, nisamehe. Hapa mtu akishuka kwa boda, huwa ni wa kutafuta kazi. Wageni huja na magari ama ndege. Sijawahi kuona mgeni wa boda."

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa anasema ukweli wa mahali pale. Hakuutengeneza yeye. Mathe akamwambia yameisha, na wakaendelea na stori kama majirani. Akatuambia vile mwezi wa Mei 2024 Talek ulivunja kingo, maji yakaingia kwa kambi za huku, na watalii wengine wakatolewa kwa helikopta. Kwa nyumba za wafanyakazi, alisema, kila mtu alijitoa mwenyewe.

Asubuhi niliamka saa kumi na mbili nikakuta mathe ameshatandika kitanda upande wake, mikunjo kama ya jeshi. Mhudumu wa chumba alipokuja, msichana wa miaka kama yangu, akashtuka. "Mama, hiyo ni kazi yangu." Dakika tano baadaye walikuwa wameketi kwa baraza wakijadili jinsi ya kutoa doa la divai nyekundu. Sijawahi kumwona mathe akichangamka hivyo. Simba tuliona jioni hiyo, na ndovu pia, lakini nikimwuliza kuhusu Mara, huanza na huyo msichana.

Nilimwomba nimpige hata video moja akiwa kwa baraza. Akakataa. "Ngoja kwanza. Hii sura ya mgeni bado sijaizoea." Kuandika ameniruhusu, bora nisitaje jina la loji.

Kwa hivyo wale mnaosema hamsafiri kwa sababu ya pesa, sitawabishia tena. Pesa ni kweli. Lakini kuna pia ile hesabu ya kwa geti, pale mtu anakupima kwa kile umeshukia. Na mbaya zaidi ni pale wewe mwenyewe unamkubalia na kugeuka. Sijui dawa yake yote. Najua tu nikirudi, nitarudi na boda.

Siku ya kuondoka tulipewa kitabu cha wageni. Nikapitisha macho kwa safu ya unakotoka: Ujerumani, Marekani, Uholanzi, Marekani. Mathe akachukua kalamu, akaandika Kayole. Kwa maoni akaandika pole pole, kwa ule mwandiko wake wa zamani: "Shuka ni safi. Hata tunaokuja na boda ni wageni."